Mlango wa Maradhi Hauko Kiwanja cha Ndege

Kila mara redio inapotangaza kwamba maradhi ya kutisha yamezuka katika nchi jirani, hapa kwetu Tukuyu husikika kauli ile ile, maofisini, katika vyumba vya walimu na hata ndani ya mabasi yaendayo Uyole: "Wazuiwe huko huko! Wapimwe kiwanjani Songwe, wapimwe mpakani Kasumulu, asipite mtu mwenye homa!" Ajabu ni kwamba kauli hiyo haitolewi na watu wasiojua kusoma. Hutolewa na watumishi wa umma, watu ambao wananchi huwategemea kwa maelezo. Mimi nasema waziwazi kwamba huo ni uvivu wa kufikiri, na kwamba kadiri tunavyoendelea kuiamini kauli hiyo, ndivyo tunavyozidi kuiacha wazi milango ambayo maradhi hasa huipitia.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Tarehe 15 Machi 2020 abiria mmoja aliwasili Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Alipimwa joto la mwili kama utaratibu ulivyotaka, akaonekana hana homa, akaruhusiwa kwenda zake. Baadaye, akiwa hotelini, ndipo alipoanza kujisikia vibaya, akaenda mwenyewe Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Arusha. Tarehe 16 Serikali ikatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Watumishi wa kiwanjani hawakukosea hata chembe, wala kipimajoto hakikusema uongo: wakati ule abiria hakuwa na homa. Kosa ni letu sisi tuliokipa chombo kile kazi isiyokuwa yake.

Kipimajoto hupima joto, hakipimi maradhi. Mtu aliyeambukizwa korona kwa kawaida hukaa siku kadhaa kabla hajajisikia lolote. Wa Ebola au Marburg huweza kukaa kuanzia siku 2 hadi 21. Safari ya ndege kutoka bara jingine haizidi siku moja au mbili. Mwenye akili ya hesabu za darasa la tano atatambua mara moja kwamba wengi wa walioambukizwa watapita pale mlangoni wakiwa wazima wa afya machoni petu. Na yule mwenye homa kweli, akimeza vidonge vya kuituliza kabla ya kushuka, naye atapita.

Wala si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Mwezi Septemba 2014 Thomas Eric Duncan alipimwa joto katika kiwanja cha Monrovia, Liberia, likaonekana la kawaida, akapanda ndege hadi Marekani. Aliugua Ebola akiwa Dallas na kufariki huko mwezi Oktoba. Mwaka 2003, wakati wa maradhi ya SARS, Kanada ilikagua mamilioni ya abiria katika viwanja vyake, ikatumia fedha nyingi na mitambo ya kisasa. Hakupatikana hata mmoja mwenye SARS. Ikiwa nchi tajiri ilivua samaki kwa wavu huo ikatoka mikono mitupu, sisi tunatazamia nini?

Lakini tuache viwanja vya mbali. Mwananchi wa Rungwe apandaye ndege ni mmoja kati ya wengi mno. (Na jina la Songwe lisimchanganye mtu: mto Songwe wa mpakani uko mbali na kiwanja hicho.) Njia yetu ni barabara ile ishukayo kutoka Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu, hadi Kyela na Kasumulu. Na adui yetu katika njia hiyo, tangu zamani, ni kipindupindu.

Basi na tuwaulize hao mabwana wa vipimajoto: kipindupindu kina homa gani? Kwa kawaida hakina. Mgonjwa wake hupoteza maji kwa kuharisha na kutapika hadi mwili unakuwa baridi. Tena wengi wa walioambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, na huku wanatoa vijidudu katika choo chao kwa siku kadhaa. Hata ukipanga vipimajoto mia moja pale Kasumulu kama gwaride, vyote vitasoma salama. Dunia ilikwisha kulitambua jambo hili zamani: mwaka 1973 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliondoa sharti la wasafiri kuonyesha cheti cha chanjo ya kipindupindu, kwa kuwa vyeti havikuwa vimezuia maradhi hayo kuvuka mpaka wowote.

Kipindupindu kilichotangazwa Malawi mwaka 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 huko. Ni kweli kwamba hatari ilikuwa karibu nasi. Lakini Mto Songwe hututenganisha na Malawi katika ramani. Katika ukoo hautenganishi kitu. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana lugha, wanaoana na wanazikana. Msiba ukitokea ng'ambo, watu huvuka, na si wote wanaopita mbele ya meza ya afisa. Huko msibani hupikwa chakula kingi, maji huchotwa popote yanapopatikana, na mikono mingi huingia chungu kimoja. Hapo ndipo maradhi yanapokata tiketi yake, ikiwa hakuna sabuni, maji yaliyochemshwa wala choo.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi wa Rungwe hatupendi kulitamka. Tumezoea kunyosha kidole kuelekea bondeni, kana kwamba uchafu hutoka Kyela na Malawi kuja kwetu. Hebu tutazame mito yetu. Kiwira na Mbaka hutoka huku milimani, hupita katika migomba na mashamba yetu, halafu huteremka kwenda Kyela na Ziwa Nyasa. Choo kibovu cha huku juu hunywewa huko chini. Mwenzetu wa bondeni angekuwa na haki zaidi ya kuja na kipimo chake hapa Tukuyu kuliko sisi kwenda na chetu Kasumulu.

Wapo watakaosema kwamba nataka mipaka iachwe bila ulinzi. La hasha. Afisa afya wa mpakani ana kazi ya maana: kukagua vyeti vya homa ya manjano, kumpokea aliye mgonjwa waziwazi, kuandika anwani ya msafiri ili aweze kutafutwa baadaye, na kumweleza aende wapi akijisikia vibaya. Ile karatasi ya anwani, ambayo wengi huijaza kwa kunung'unika, ina thamani kuliko mtambo wa kupima joto. Ninachokataa ni kuifanya kazi ya mpakani kuwa mapambo ya kupigia picha, huku zahanati ya nyuma yake haina maji.

Tukumbuke Nigeria. Mwezi Julai 2014 msafiri mwenye Ebola alifika Lagos kwa ndege. Aliyeukata mnyororo wa maradhi ni daktari wa hospitali, Ameyo Stella Adadevoh, aliyemtilia shaka mgonjwa huyo na kukataa kumruhusu aondoke. Yeye mwenyewe akapoteza maisha. Kisha zaidi ya watu 800 wakafuatiliwa mmoja mmoja. Nigeria nzima, na wingi wake wote wa watu, ikapata wagonjwa 20 tu. Vivyo hivyo Kagera mwaka 2023: Marburg ilipozuka, wagonjwa walikuwa vijijini, na watu zaidi ya 200 wakafuatiliwa na wahudumu waliotembea nyumba kwa nyumba. Walikufa watu sita, mmoja wao mtumishi wa afya, na maradhi yakaishia pale. Hiyo ndiyo karantini yenye macho.

Walimu, hasa wale wakongwe, hawahitaji kuhubiriwa habari hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Walimu wengi walikuwa mstari wa mbele. Hapakuwa na mtambo hata mmoja uliotoka ng'ambo.

Vikao vya bajeti vitakapokaa, atakayesimama kuomba vipimajoto aombe. Lakini kabla hajaketi, diwani au mtendaji amuulize mambo matatu: Ni zahanati ngapi katika wilaya hii zinazofungua bomba na maji yakatoka? Ni shule ngapi zenye mahali pa kunawia mikono karibu na choo? Na muuguzi wa kijijini akipata mgonjwa wa kuharisha saa nane za usiku, atampigia nani simu, na huyo atafika kwa chombo gani?