Bibi Harusi Msimfungie Mlango: Shoga Mwema Havunji Ndoa



Kuna wasia mmoja anaopewa bibi harusi kila msimu wa harusi, na sisi tumechoka kuusikia. Binti anakalishwa kitako, anafundwa mapishi, usafi, heshima ya mume na ya wakwe, na mwishoni anaambiwa: "Huko uendako usiweke shoga. Kikulacho ki nguoni mwako." Anaitikia, anafunga sanduku, anaondoka.

Sisi ni wanawake tulioolewa Utete, wilaya ya Rufiji, wengine tukitokea visiwani na wengine Dar es Salaam. Kazi yetu ni cherehani na kuuza vitambaa, na maharusi ndio wateja wetu. Tunasema waziwazi: wasia huo ni mbaya, na unawaumiza mabinti zetu.

Tazameni maisha yalivyo. Utete iko kando ya Mto Rufiji, mbali na barabara kuu iendayo Lindi. Msimu wa kilimo ukifika, watu wengi wanahamia bondeni na kukaa madunguni, kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Mama mkwe naye anakwenda. Mume yuko kazini au safarini. Bibi harusi anabaki na kufuli na simu. Sasa uchungu umemshika saa nane za usiku. Hospitali ya wilaya ipo, lakini nani atambebea beseni na kanga? Nani atamshika mkono njiani? Mashoga aliosoma nao wako ng'ambo ya bahari, watamwandikia pole asubuhi. Pole ya kwenye simu haichemshi maji.

Hofu ya wanaotoa wasia huu tunaijua. Wapo mashoga wanaotembeza siri, wanaokopa wasilipe, wanaomuulizia mume wa mtu kabla ya kumsalimia mwenye nyumba. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mwenye kuvuvia mvukuta wa mhunzi: huyu utaondoka kwake na harufu nzuri, yule atakuunguzia nguo. Lakini mafundisho hayo yanatutaka tuchague. Aliyefunga mlango hachagui chochote. Na binti asiyefundishwa kuchagua ndiye anayeangukia kwa yule wa kwanza kumchekea.

Wengine wanatuambia marafiki ni wa utotoni, mtu mzima ni mume na watoto wake. Basi waisome Sira. Waislamu walipohamia Madina mwaka 622, walikuwa watu wazima wenye familia, wameacha kila kitu Makka. Mtume (S.A.W.) akawaunganisha udugu na Ansari, mtu na mwenzake. Miongoni mwa waliounganishwa ni Salman na Abu Dardaa. Imepokewa katika Bukhari kuwa Salman alikwenda kumtembelea nduguye huyo akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa hovyo, hajijali. Alipomuuliza akaambiwa mumewe hana haja tena na mambo ya dunia: mchana anafunga, usiku anasali. Salman akakaa mpaka usiku, akamzuia Abu Dardaa asimalize usiku wote kwenye swala, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki. Mtume (S.A.W.) alipopelekewa habari akasema Salman amesema kweli.

Dada zetu, hapo nani aliingia nyumbani, rafiki wa utotoni? Hapana, ni rafiki mpya, na hakuvunja ndoa, bali aliitengeneza. Leo ni nani atakayegundua kuwa bibi harusi wetu amekonda, hajijali, halii mbele ya watu, ikiwa mlango wake haugongwi na mtu?

Waume nao tuwaambie. Wewe una kijiwe chako cha kahawa, una bao, una wenzako wa mpira, na hakuna anayesema watakuharibu. Mkeo akipata mwenzake mmoja wa kwenda naye darasani, unauliza anatafuta nini. Anatafuta kile kile unachokipata wewe kijiweni kila jioni.

Na wenyeji wa kila mji, msijifiche nyuma yetu. Mnamwita mwenzenu "mtu wa kuja" hata akiwa amezaa watoto watatu hapo. Rufiji yenyewe inatufunza. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, watu waliokuwa wametawanyika bondeni walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakawekwa nyumba kwa nyumba na watu wasiokuwa majirani zao. Bibi zetu walianza upya wakiwa watu wazima. Na Aprili 2024 maji yaliposomba mashamba na kuingia majumbani Rufiji na Kibiti, familia zililazimika kuhama tena. Siku kama hizo mwanamke anamhitaji mtu wa kumwambia, "Leta watoto, wataalala hapa." Mtu huyo hapatikani siku ya maji. Anapatikana kabla.

Sisi tunashona sare za harusi, mashoga ishirini kitambaa kimoja. Fungate ikiisha, sare zinarudi kabatini na wenyewe hawaonekani. Kwa hiyo hatusemi bibi harusi akusanye watu. Mmoja au wawili wanatosha, wapatikane kwenye darasa la wanawake, kwenye mchezo wa kupeana, msibani, kwenye kisima. Fundi hajui kitambaa kinachuja mpaka akiloweke. Na mwenzako mpya mjaribu kwa jambo dogo: mwachie ufunguo kabla ya kumwachia siri. Mambo ya chumbani yabaki chumbani, hata kwa shoga wa miaka ishirini. Akikualika kwenye kumsema mtu, jua kesho unasemwa wewe.

Makungwi, mama zetu, hayo ndiyo ya kumfundisha binti. Mwambieni mtu wa namna gani wa kumfungulia, wa namna gani wa kumwishia barazani. Na mama mkwe, mwezi wa kwanza mshike mkono mkwe wako, mpeleke nyumba tatu za majirani wema, mtaje kwa jina lake. Hiyo ni hifadhi ya ndoa kuliko kufuli.

Allah atujaalie wenza wema, na marafiki wema wa kutukumbusha kheri, na atujaalie sisi tuwe hao kwa wengine. Amin.