Mtaa Usioandikwa Utachimbwa

Ndugu vijana wa Dilala na Manika, wa Kasulo, Kapata, Luilu na Musonoi,

Watu wa Kolwezi wanaongezeka kila siku, lakini mji wenyewe unapungua. Avenyu inakatwa, ukuta unapandishwa, shimo linasogea. Siku moja unaenda kutafuta shule uliyosomea, unaambiwa iko ndani ya konsesyo.

Leo tuko tunasema juu ya mitaa yetu ya zamani. Tunajua kuna wakubwa watakaocheka: "Kuko nini ya kulinda apa? Kolwezi si Roma." Tuwajibu pole pole.

Kabla ya Mbelgiji kufika, mababu wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba na kuitengeneza misalaba. Misalaba ile ilitumika kama pesa, tena walizika nayo wafu wao. Imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Halafu Union Minière ikaja. Mwaka 1937 Kolwezi ikazaliwa kuwa makao ya mine zake za magharibi. Zikajengwa kambi za wafanyakazi: nyumba za matofali zilizopangwa mistari, shule, hospitali, posho. Mwaka 1967 Mobutu akaitwaa kampuni, baadaye ikaitwa Gécamines. Mei 1978 vita ikapita ndani ya avenyu zilezile. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa mpango ulioitwa "wa hiari", na kila mutu hapa anajua hiari ile ilikuwa ya namna gani. Yote hayo yalipita katika nyumba tunazoziona kila asubuhi. Kama huo si urithi, basi tuelezwe urithi ni nini.

Wengine watasema: kambi zilijengwa na mkoloni ili mfanyakazi achungwe vizuri, kwa nini tuzilinde? Swali ni la haki. Ni kweli kambi zilikuwa na amri kali. Lakini waliopiga matofali, walioshuka shimoni, waliokohoa mavumbi mpaka kufa, ni babu zetu. Mkoloni alirudi kwao na faida. Huku zilibaki nyumba, miembe na makaburi. Ukizifuta, unafuta ushahidi wa jasho la mzee wako, na mkoloni hapotezi kitu.

Tuangalie yaliyotokea. Kasulo, mwaka 2014, kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu. Parsele zikageuka mashimo, na 2017 sehemu ya mtaa ikapewa kampuni moja, ikazungushwa ukuta. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa kwetu, walitoa ripoti juu ya watu wanaoondoshwa kwenye makao yao sababu ya mine. Inaeleza Cité Gécamines, mtaa wa watu karibu 39,000, ambako mine ya COMMUS ilianza tena kazi 2015. Wakaaji walisema hawakuulizwa inavyopasa, na malipo hayakutosha kupata nyumba nyingine yenye maji na umeme kama ile waliyoiacha.

Hatumlaumu mama aliyepokea malipo na kuondoka. Nyumba ikipasuka ukuta kila mine inapolipuliwa, na watoto wakitaka kula, hata wewe ungesaini. Tunachouliza ni hiki: kwa nini mkaaji anaitwa siku ya kusaini tu, wakati ramani imechorwa zamani?

Sheria iko. Kodi ya Mine ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema bila ruhusa ya wenye mamlaka hakuna anayeweza kukalia ardhi ya makaburi, wala ardhi yenye masalio ya kale au monumenti ya taifa. Kuna pia sheria ya 1971 juu ya kulinda mali ya utamaduni. Lakini tusome kwa akili. Ili nyumba au mtaa uhesabiwe kuwa monumenti, lazima uandikwe kwanza. Nani anaandika? Kongo yetu iko na maeneo 5 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni pori na nyama. Hakuna mji hata mmoja. Kisichoandikwa, mbele ya sheria ni kama hakiko, na kisichokuwako hakuna wa kuuliza kabla ya kukichimba.

Kuandikwa peke yake nako hakutoshi. Tuangalie wenzetu wa pwani, tunaosema nao lugha moja. Mji wa kale wa Lamu, Kenya, uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001. Hata hivyo ulikuja mradi wa kujenga karibu na pale kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, chenye nguvu ya megawati 1,050, na kibali kikatolewa. Wakaaji wenyewe, wakiungana chini ya jina Save Lamu, walienda mbele ya mahakama maalum ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 kibali kikafutwa, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. UNESCO haikwenda kusimama pale mbele ya majaji. Walioenda ni wenye mji.

Kwa hiyo tunadai:

1. Meya wa Kolwezi na serkali ya jimbo la Lualaba watoe hadharani orodha ya nyumba, makaburi na mitaa iliyoandikwa kuwa urithi. Kama orodha haiko, waseme haiko.

2. Orodha mpya ifanywe mtaa kwa mtaa, pamoja na wakaaji. Wazee wa Gécamines, wamama na vijana wakae kwenye meza ile wakiwa na sauti ya kukataa.

3. Ramani ya kila upanuzi wa mine ibandikwe kwenye komine kabla ya uamuzi, kwa lugha ambayo watu wanasoma, Kiswahili kikiwa cha kwanza.

4. Daftari ya masharti ambayo kampuni inasaini na wakaaji itaje kwa majina makaburi, shule na nyumba za zamani zisizoguswa.

5. Kulinda kusiwe njia nyingine ya kufukuza. Nyumba ikiandikwa kuwa urithi, anayekaa ndani abaki ndani.

Na sisi hatutangoja jibu ndipo tuanze. Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi. Lakini tunajua kuandika, tunajua kupiga picha, na telefone ziko. Kila mmoja achague avenyu moja. Uliza nyumba ilijengwa lini, nani alikaa, mti ulipandwa na nani, makaburi yako wapi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Andika jina la mzee ikiwa tu amekubali. Tuma kwetu, nasi tutaipeleka komine ikiwa orodha iliyosainiwa na wakaaji, tutadai akizé, na nakala tutaibandika hapa.

Wazee wanaondoka mmoja mmoja, na shimo halisimami kuwangoja. Anza na avenyu yako wiki hii.

Kolwezi iko na wenyewe. Waulizwe kwanza.