Bila diplome, lakini ndani ya iniversite

Kijana mwenye ulemavu wa akili akimaliza shule, anaenda wapi? Kule Marekani, sheria ya mwaka 2008 ilimfungulia mlango: anaweza kupata feza za serikali za kusomea chuoni hata kama hana diplome ya sekondari. Anakaa darasani na wengine, anajifunza kazi, kutunza feza, kupanda bisi peke yake. Mkopo wa serikali hapewi, na programu zisizokubaliwa na wizara, muzazi analipa mwenyewe. Si paradizo.

Huku kwetu Kongo, sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda watu wenye ulemavu. Muzuri. Ila mlango wa iniversite ungali Exetat. Asiyeipita anabaki nyumbani, mama yake ndiye mwalimu.