Fundi, Kitambaa na Ahadi ya Idi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya wakati wa kazi, na namna mtu awezavyo kuutumia hata kazi yake ikaonekana. Jambo hili lamhusu mwenye duka na karani, mwalimu na mwanafunzi, mama wa nyumbani na kijana aanzaye kazi. Lakini maneno ya jumla aghalabu hayamfai mtu, kwa hiyo tumechagua kazi moja ijulikanayo katika mitaa yetu yote, nayo ni kazi ya fundi cherehani katika mwezi wa Ramadhani.

Mwezi uandamapo, watu huanza kupeleka vitambaa: huyu kanzu yake na za wanawe, yule gauni la binti yake. Fundi hupima, huandika, hupokea arubuni, na kila mtu humpa ahadi. Ufikapo usiku wa kuamkia Idi, mlango wake umejaa watu. Mama mmoja auliza, "Fundi, kanzu ya mwanangu tayari?" Fundi ajibu, "Bado kidogo tu, mama. Rudi baada ya Isha, inshallah." Mama arudi baada ya Isha, akute kitambaa hakijakatwa. Asubuhi yake mtoto aenda kusali Idi na nguo ya mwaka uliopita, na baba aliyejinyima ili kukinunua kitambaa kile hana la kumwambia mwanawe.

Je, fundi huyu ni mwizi? La. Mara nyingi ni mtu mwema, asali, afunga, na usiku ule hakulala hata kidogo. Wala si mvivu. Upungufu wake ni mmoja: alipokea kazi pasi na kuuhesabu wakati wake. Fedha za watu azihesabu mara mbili, lakini siku zake hakuzihesabu hata mara moja.

Basi natumhesabie. Ramadhani huwa na siku 29 au 30. Tuchukue 29, kwani mwenye hesabu njema huchukua ile ndogo. Tutoe Ijumaa nne za mapumziko, zibaki siku 25. Tena tutoe siku tatu za maradhi, msiba wa jirani, umeme kukatika na cherehani kuharibika, kwa sababu mambo haya hayakosi. Zimebaki siku 22. Ikiwa fundi huyu hushona kanzu mbili kwa siku kwa kazi safi, basi uwezo wake wa mwezi mzima ni kanzu 44. Kitambaa cha 45, ajapokipokea kwa tabasamu, amempokonya mtu furaha yake ya Idi. Lililo bora ni kusema, "Samahani, mama, mwezi huu nimejaa, mpelekee fundi mwingine." Neno hili ni zito siku ile, lakini heshima yake hudumu.

Huenda mtu akasema: "Mbona wako mafundi wenye vitambaa vichache, nao pia huchelewa?" Kweli wako. Mwaka 1955 mwandishi mmoja Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, aliandika kwa mzaha uliojaa ukweli kwamba kazi hutanuka mpaka ikaujaza wakati wote iliopewa. Ukimpa mtu wiki kwa kazi ya siku mbili, hiyo wiki itakwisha. Ndivyo alivyo fundi wetu. Katika kumi la kwanza aiona Idi i mbali, hushona kanzu moja, kisha hukaa. Katika kumi la mwisho, kanzu alizoziacha zote humwangukia pamoja na zile za siku zenyewe. Dawa yake ni kuwa kila kitambaa kiwe na siku yake katika daftari, si "kabla ya Idi", bali "Jumanne, mwezi 9". Kazi isiyo na siku yake haina mwenyewe.

Hapa yapasa tuseme neno juu ya "inshallah". Katika Sura ya Al-Kahf tumefunzwa tusisema tutafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Neno hili ni la mtu aliyeazimia kweli, akajiandaa, kisha akakiri kuwa uwezo si wake. Leo limegeuzwa pazia la kufichia kazi isiyoanzwa, hata watoto wetu wakisikia "inshallah" hufahamu kuwa jambo hilo haliko. Haya ni maovu mawili kwa pamoja: kuvunja ahadi, na kulivunjia heshima neno tukufu.

Sasa tutazame siku yenyewe. Muislamu hana haja ya kwenda mbali kutafuta namna ya kuigawa siku, kwa kuwa sala tano zimekwisha igawa. Na sisi wa pwani hii, tulio karibu na ikweta, tumepata sahali ambayo wengine hawanayo. Huko London mchana wa Juni hupita saa kumi na sita, na wa Desemba haufiki saa nane, hata nyakati za sala zikasogea sana. Kwetu jua huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa kulifuata jua, saa moja ikawa ni saa ya kwanza ya mchana. Kwa hiyo mafungu ya siku yetu hayatuhami, na kila fungu laweza kupewa kazi yake.

Fungu la kwanza, baada ya Alfajiri mpaka saa tano hivi, ndilo lenye baraka na akili iliyotulia. Fundi na akate vitambaa wakati huo, kwa sababu mkasi ukikosea haurudi. Asilipoteze kwa kutia vifungo, kazi ambayo hata mtu aliyechoka aweza kuifanya. Kabla ya Adhuhuri na baada yake ashone, na nguo za uzi wa rangi moja azishone pamoja, asiwe akibadili uzi kila mara. Baada ya Alasiri, nguvu za mfungaji zimepungua. Huo ndio wakati wa vifungo, wa kupiga pasi na wa kuzungumza na wateja. Kanuni hii yamfaa kila mtu: kazi ngumu ipe wakati bora, na kazi nyepesi ipe wakati uliobaki. Wengi wetu twafanya kinyume. Asubuhi twaanza na yaliyo mepesi ili tujione tumefanya kitu, na lile zito likatukuta tumechoka.

Ama waharibifu wa wakati, wakubwa ni wawili. Wa kwanza ni baraza ya mlangoni. Mtu hupita kusalimu, akakaa, akaleta habari, na mguu wa fundi ukaacha kukanyaga cherehani. Wa pili ni simu, ambayo ni baraza iingiayo mfukoni. Hatusemi watu wasizungumze, kwani kuunga udugu ni jambo jema. Twasema yawe na saa yake. Fundi aweza kusema kwa adabu, "Shekhe wangu, karibu baada ya Alasiri, tutazungumza kwa nafasi." Na simu iwekwe mbali na mkono mpaka sala ifuatayo. Sala nne au tano ni nafasi za kutosha kuitazama.

Jambo la mwisho ni hesabu ya usiku. Katika hesabu yetu ya Kiislamu siku mpya huanza jua lichwapo. Basi mtu akisha kusali Isha, na akae kwa dakika kumi na daftari lake: nini nilichoahidi leo? Kipi nimetimiza? Kesho nianze na lipi? Imamu Ghazali katika Bidayatul Hidaya asisitiza kuwa mtu asiuache wakati wake ovyo, akishughulika na lolote litokealo, bali kila wakati aupangie shughuli yake. Aliyeipanga kesho usiku huamka akijua pa kuanzia.

Na wasioamini kuwa siku zilizojaa kazi zaweza kuzaa jambo kubwa, na wamtazame Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli, kisha Kadhi wa Unguja tangu 1960, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Katikati ya shughuli hizo aliifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, ikatoka sehemu kwa sehemu, mpaka ikapigwa chapa kamili mwaka 1969. Alifariki mwaka 1982, na kazi yake ingali ikisomwa majumbani mwetu.

Wateja nao wana wajibu. Pelekeni vitambaa katika Shaabani, msingoje kumi la mwisho. Msikae barazani kwa fundi, kisha mkamlaumu kuwa amechelewa. Na ninyi vijana mlioajiriwa, jueni kuwa saa mlizozikubali mmekwisha kuziuza. Aliyechukua mshahara wa saa nane akafanya kazi tano, zile tatu ni mali ya mtu.

Sura ya Al-Asr ina aya tatu tu, nayo yaanza kwa kuapa kwa wakati, kisha yataja hasara ya binadamu ila waliotengenea. Twaisoma katika sala zetu kwa kuwa ni fupi. Haya na tuisome pia tuwapo kazini, tukiwa na kitambaa cha mtu mkononi.

Mwenyezi Mungu atubarikie nyakati zetu na atujaalie kutimiza ahadi. Amin.