Mlango wa Shule Usiwe wa Kwanza Kufungwa

Iko tabia ambayo hatuna budi kuipiga vita kabla balaa jingine la maradhi halijabisha hodi. Ni tabia ya kuihesabu shule kuwa kitu cha kufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Ulipozuka ugonjwa wa UVIKO-19, karibu dunia nzima ilifanya hivyo, hata Shirika la UNESCO likakadiria kwamba mwezi Aprili 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa. Kufunga kwa muda, wakati adui hajajulikana, kulikuwa busara, wala hakuna anayelaumu hilo. Tunacholaumu ni kasumba iliyofuata: kwamba shule yaweza kukaa imefungwa hata hatari iishe kabisa, na kwamba hapana hasara kwa kuwa mtoto atasomea nyumbani.

Mtoto yupi, na nyumba ipi?

Yuko mtoto wa ofisa, mwenye umeme, televisheni, kompyuta na mzazi aliyesoma wa kumsimamia. Huyo alisoma. Lakini mtoto wa mkulima wa Kibondo, au wa mama ntilie wa Tandale, shule ikifungwa hupewa jembe, au ng'ombe wa kuchunga, au sinia la karanga akauze stendi. Vipindi vya redio vilimkuta shambani, kama redio yenyewe ilikuwa na betri. Walimu walioita majina ya wanafunzi siku ya kufungua wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Basi tuseme wazi: kufunga shule kwa muda mrefu ni kuigeuza elimu kuwa mali ya wenye uwezo kwa kupitia mlango wa uani. Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliazimia kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo 1977. Haki iliyopatikana kwa jasho namna hiyo haiwezi kuachwa ipotee kwa tangazo la mlipuko wa maradhi.

Tutazame yaliyotokea Afrika Mashariki. Tanzania ilifunga shule Machi 2020. Kidato cha sita na vyuo vikarejea Juni 1, na shule zote Juni 29 mwaka huo huo. Kenya iliuhesabu mwaka wa masomo wa 2020 kuwa umepotea, ikafungua madarasa machache mwezi Oktoba, na yote Januari 2021. Uganda haikufungua shule zake zote mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baada ya kuzifunga, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Hatusemi haya kuwacheka jirani, maana jirani akiungua nasi twasikia joto. Twayasema kwa kuwa ni ushahidi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Kampala siku ile milango ilipofungwa, alikuta umri umekwenda na alfabeti imebaki pale pale.

Anayeumia zaidi ni msichana. Sierra Leone ilifunga shule mwaka 2014 kwa sababu ya Ebola na kuzifungua Aprili 2015. Katikati ya hapo wasichana wengi walipata mimba, na milango ilipofunguliwa, wao wakapigwa marufuku kuingia. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2020. Kwetu pia, msichana aliyepata mimba wakati wa kufungwa shule mwaka 2020 hakuwa na njia ya kurudi katika darasa lake la kawaida mpaka Serikali ilipoiruhusu mwezi Novemba 2021. Yule anayedai kwamba shule iliyofungwa haimdhuru mtu na amtazame msichana huyo usoni.

Wapinzani wa hoja yetu husema: uhai kwanza, masomo baadaye. Ni usemi mtamu, lakini unadhani kwamba mtoto aliyetoka shuleni yumo mahali salama. Mwaka 1918, homa ya mafua ilipoua mamilioni duniani, miji ya New York na Chicago iliacha shule zake wazi. Wakuu wa afya wa New York walieleza kwamba mtoto aliye darasani, chini ya macho ya mwalimu na muuguzi, yu salama kuliko aliyebanana na jamaa zake katika chumba kimoja cha kupanga. Anayejua vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam hatahitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo, kufungua shule si kutoa tangazo tu na kuondoka. Hapa ndipo yapasa tukosoane. Mwalimu aliyerudi darasani Juni 2020 alirudi huku takwimu za ugonjwa zimekwisha kuacha kutolewa nchini. Alitakiwa awe jasiri bila kuambiwa ukubwa wa adui. Zipo shule zilizoweka ndoo na sabuni langoni wiki ya kwanza, na wiki ya nne ndoo imekauka, na hakuna ofisa aliyeuliza. Kumtaka mtoto akae mbali na mwenzake, hali watatu wanagombania dawati moja, ni mzaha.

Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 2021, wa kutumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kujenga madarasa 15,000, ulikuwa wa maana. Darasa jipya ni kinga. Kisima cha shule ni kinga. Wanaodhani afya iko hospitalini tu hawajaelewa maradhi ya kuambukiza yanavyokwenda.

Balaa jingine halitatupigia simu. Ugonjwa wa Marburg uliingia Kagera Machi 2023, ukarudi Januari 2025. Kwa hiyo kila halmashauri yapasa iwe na jibu leo kwa maswali matatu: Maji ya kunawa yapo katika shule ngapi? Madarasa yaliyosongamana yatapumzishwa kwa zamu gani? Na chanjo ikipatikana, mwalimu atasimama katika mstari wa mbele pamoja na mganga, au ataachwa nyuma? Mtumishi asiye na majibu hayo ndiye atakayependekeza shule zifungwe, maana kufuli ni rahisi kuliko kisima.

Shule ifungwe pale tu ambapo hapana njia nyingine, kwa siku zinazojulikana, na mahali penye ugonjwa. Baa na kumbi za starehe zitangulie kufungwa. Taifa linaloacha baa wazi na kufunga darasa limekwisha kuchagua raia wake wa kesho.