Picha ya kasuku wa Obokote inahitaji kufuli

Kijana wa Obokote anayerudi kutoka shambani leo ana kitu mfukoni ambacho baba yake hakuwa nacho: telefone yenye kamera. Akikuta kinyonga njiani, anampiga picha. Akiona kasuku wakiingia katika tundu la mti mkubwa, anawapiga picha pia. Siku akifika mahali penye antena na kupata mega kidogo, picha zinaondoka. Muda si mrefu kasuku wa msitu wa Maniema wanaonekana Paris, Beijing na Dubai. Kama hakuwa mwangalifu, zinaonekana pia namba zinazoonyesha mti ule umesimama wapi, kwa kukosea mita chache tu.

Namba hizo ndizo zinazopaswa kujadiliwa, kuliko uzuri wa picha.

Ziko programu zinazokusanya picha za wanyama, wadudu na mimea kutoka kwa watu wa kawaida wa dunia nzima. Inayojulikana zaidi ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Mtu anaweka picha, programu inakisia jina la mnyama, kisha watu wengine wanakubali au wanakataa. Wanaosifu programu za namna hii husifu kwanza mashine inayokisia jina. Kwa kweli ni ajabu. Lakini kwa mkaaji wa msituni, sehemu yenye maana kuliko zote ni ile ambayo watu wengi hawaigusi kamwe: mahali pa kuamua nani aone eneo la picha na nani asione.

Si kila mpiga picha mwenye shida hiyo. Katika maji ya Zanzibar, Pemba na Mombasa kuna wazamiaji wanaopiga picha konokono wa bahari wasio na gamba, viumbe vidogo vyenye rangi kali kuliko vitenge vya sokoni. Wazamiaji wa namna hiyo wako duniani kote, na wamewasaidia sana wataalamu, kwa sababu mtaalamu mmoja hawezi kuzamia kila mahali. Wakiandika mwamba kamili walipomkuta konokono, hasara ni ndogo, maana ni wachache mno wanaoweza kumtafuta ili wamuuze. Wazi kwa wote, na iwe hivyo.

Kasuku ni habari nyingine. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ananunuliwa, na waliohusika wanajua njia yote: ulimbo juu ya tawi, kasuku mwingine aliyefungwa ili aite wenzake, makinda yanayotolewa katika tundu, kisha vizimba vinavyosafiri kuelekea mjini. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES ziliamua kumpandisha kasuku huyo katika orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Uamuzi ulianza kutumika Januari 2017. Karatasi hiyo haikuondoa ulimbo msituni. Mfanyabiashara bado anataka kujua kitu kimoja tu: mti uko wapi? Zamani ilimlazimu kuuliza kijijini, kulala, kunywa na watu, na kulipa mtu wa kumwongoza. Leo picha moja yenye namba inaweza kumwondolea gharama hiyo yote.

Atakayesema huu ni woga wa bure aangalie yaliyompata mjusi mmoja wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1999, wakataja mahali anapoishi, kama desturi ya kazi yao inavyodai. Watu wanaofuga mijusi nyumbani walimtaka, wakamtolea bei kubwa, na wakusanyaji wakaenda. Mwaka 2006 wataalamu waliandika kwamba mahali pale alipopatikana kwanza ameshakwisha. Hawakuwa na nia mbaya waliomwandika. Walifungua mlango tu, na aliyeingia si yule waliyemngojea.

Kwa hiyo iNaturalist iliweka kufuli. Mnyama akiwa katika orodha ya walio hatarini, programu yenyewe huficha namba kamili na kuonyesha alama iliyotupwa ovyo ndani ya eneo kubwa. Eneo hilo ni sehemu mbili za kumi za digrii kila upande. Karibu na ikweta, kama ilivyo upande wa Lubutu, hiyo ni karibu kilomita 22 kwa 22. Msitu wa ukubwa huo hauzungukwi kwa siku moja. Mwenye picha pia anaweza kufunga yeye mwenyewe: kuacha wazi, kutia ukungu, au kuficha kabisa.

Ni kazi nzuri, lakini ina kasoro moja, na kasoro hiyo inawaangukia watu wa Obokote moja kwa moja. Kufuli ya programu inafuata orodha za wataalamu. Orodha hizo zinajua gorila, okapi, kakakuona na kasuku. Hazijui kwamba mti fulani ndio unaoleta viwavi vinavyolisha familia kila msimu, na kwamba wageni wakiufahamu wataukata ili waviokote upesi. Hazijui kwamba chura wa kawaida kabisa, asiye hatarini hata kidogo, amepigwa picha katika kijito ambako vijana wameanza kuchota mchanga wa dhahabu, na kwamba wenyeji hawataki kijito hicho kijulikane kabla hawajakubaliana wenyewe. Programu itamwacha chura wazi. Mita tatu kutoka kwa chura, dhahabu nayo iko wazi.

Ndiyo sababu uamuzi wa kufunga usiachiwe mashine wala kijana mmoja mwenye telefone. Wazee wanaojua mipaka ya msitu, wawindaji, mama wanaokwenda kutafuta kuni na majani, hao ndio wanaoweza kusema ni kitu gani kionekane na kipi kisionekane. Mazungumzo ya jioni moja yanatosha kuanzia. Msitu ule ni wa watu wengi kuliko aliyebahatika kununua telefone.

Kuna wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema kila kitu kikifichwa, hakuna atakayejua kinachohitaji kulindwa. Wana haki kwa sehemu kubwa. Hifadhi ya Lomami, iliyo kati ya Maniema na Tshopo na iliyotangazwa rasmi mwaka 2016, haingepata mipaka yake kama watu hawangetembea msituni miaka mingi wakiandika wanyama gani wako wapi. Hifadhi ya Maiko, inayogusa upande wa Lubutu na iliyoanzishwa mwaka 1970, inahitaji habari za namna hiyo hata zaidi, kwa kuwa sehemu zake nyingi zimekuwa mikononi mwa watu wenye silaha kwa miaka mingi na walinzi hawafiki. Mlinzi akiambiwa tu kwamba kuna kasuku ndani ya kilomita 22, hajaambiwa kitu.

Jibu liko katika programu yenyewe, ingawa halitumiwi sana. Namba zilizofichwa kwa umma zinaweza kufunguliwa kwa kikundi ambacho mwenye picha anakiamini. Kinachokosekana ni kikundi chenyewe, kilicho karibu na watu. Chuo Kikuu cha Kindu kingeweza kukiongoza, kikishirikiana na wenzao wa Kisangani ambao tayari wana kituo cha kufuatilia viumbe vya misitu hii. Mwanafunzi wa Kindu anaweza kupanda pikipiki akaenda kumweleza mwenye picha kazi yake imefanya nini. Mtu wa ng'ambo hawezi, hata akiwa na roho nzuri.

Jambo la majina nalo si dogo. Mashine inayokisia imejifunza kwa picha ilizopewa, na picha za Ulaya na Marekani ni nyingi kupita za misitu ya Maniema. Kwa hiyo hapa itakosea mara nyingi zaidi, na itakosea kwa sauti ya mtu anayejua. Kosa hilo lina historia. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mtu wa Ituri, akauchukua, akakaa miaka mingi bila kujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936 akaukuta mfano wake katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji: ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando, na kibao kikisema ni tausi wachanga wa India. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege wa misitu hii hii. Wataalamu walikosea jina kwa miaka yote hiyo, huku mwenye kofia akivaa jibu kichwani.

Miaka 70 baadaye mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti walimwona makako mchanga aliyefugwa katika mji wa Opala, nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Wawindaji wa eneo hilo walikuwa wakimwita lesula. Alipoandikwa rasmi mwaka 2012, jina la Kilatini lilitokana na mto Lomami, lakini jina la wawindaji halikufutwa, na leo hata magazeti ya London yanamwita lesula. Tofauti ni kwamba safari hii watafiti waliuliza.

Katika iNaturalist nafasi ya kuandika jina la kienyeji ipo tayari, pamoja na lugha yake. Jina la Kikumu la ndege wa Obokote linaweza kusimama kando ya lile la Kifaransa, na kuliandika hakumwelekezi mwindaji popote. Jina liachwe wazi kwa dunia nzima, na mti ufungwe.

Kabla ya hayo yote kuna hatua ndogo inayoweza kufanyika leo usiku, bila mega. Kijana afungue mipangilio ya kamera ya telefone yake, atafute sehemu ya kuhifadhi mahali, aizime. Akituma kwa WhatsApp, atume kama picha ya kawaida, kwa sababu faili ikitumwa kama dokima inabeba kila kitu kilichomo, pamoja na namba. Na chini ya picha asiandike jina la kijito.