Kofia kwenye tangi la mafuta

Makala yako kuhusu helmeti za bodaboda imeandikwa kana kwamba Kenya nzima ni Nairobi. Huku Diff, Wajir Kusini, helmeti nyingi huvaliwa na tangi la mafuta, si kichwa cha dereva. Ukiuliza, utaambiwa barabara ni mchanga, mtu akianguka haumii. Nani kasema? Pikipiki ikigongana na ngamia usiku, mchanga hausaidii kitu.

Sheria ya Trafiki tangu marekebisho ya 2012 iko wazi: dereva wa bodaboda abebe abiria mmoja na ampe helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Lakini helmeti moja ikivaliwa na abiria kumi kwa siku kwenye joto hili, inanuka, na akina mama wanaikataa. Nawaelewa. Basi abiria avae kitambaa chepesi chini ya helmeti, au hijabu yake iliyobana vizuri, kisha mkanda wa kidevu ufungwe. Usipofungwa, kofia huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Na kofia ya fundi wa mjengo si helmeti. Kinachookoa ubongo ni lile povu nene la ndani linalomeza kishindo. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa 42.

Na mtu akiumia kichwa na kupelekwa Nairobi, safari ni ndefu: kutoka Garissa tu ni takriban kilomita 370; sisi tuko mbali zaidi ya hapo. Kaunti inunue helmeti halali, iwauzie vijana wa bodaboda kwa mkopo kupitia chama chao.